Sisimizi Kwenye Bafu la Mwali

"Bibi zetu walikula nazi kila siku, walikula halua, na hakuna aliyekufa kwa sukari. Magonjwa haya mmeyaleta nyinyi mnaosoma sana."

Jumamosi asubuhi, Bagamoyo. Mvua imekatika, jua limetoka na joto lake lote, na ninaandika haya kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Maneno hayo hapo juu ni ya kaka yangu Salum. Aliyaandika kwenye kundi la familia baada ya mimi kuchapisha hapa makala kuhusu soda zinazouzwa kwenye mageti ya shule. Akamalizia na alama za kicheko. Binamu zetu wakamuunga mkono, na mmoja akanipa jina la Mwalimu wa Mitandao, jina ambalo sasa limeniganda.

Mnaonijua mnajua kwamba siachi hoja ya namna hiyo ipite. Jibu nilikuwa nimeshaliandaa. Leo nalimalizia, lakini safari hii naandika kwa hofu, si kwa hasira.

Naanza na bibi, kwa sababu Salum ndiye aliyemtaja.

Bibi yetu mzaa baba tuliishi naye nyumba moja hapa Dunda. Mimi na Salum tulikula chungu kimoja, kwa hiyo asinitungie bibi mwingine. Kweli, alipikia nazi. Lakini nazi hiyo aliikuna mwenyewe, amekalia mbuzi, mpaka bega likamuuma, na nazi moja ilitosha mchicha na papa wa nyumba nzima. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha. Muhogo ulitoka shamba letu la Mapinga, na bibi alikuwa akiulima kwa jembe na kuubeba kichwani mpaka barabarani. Samaki alichomwa au alipikwa kwa tui. Mafuta ya kukaangia tulitumwa kuyanunua kwa kipimo kidogo, tukayarudisha nyumbani ndani ya chupa, tukitembea polepole yasimwagike.

Halua ilikuja na Idi na harusi. Kilikatwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kikaliwa kwa kahawa chungu. Kahawa iliachwa chungu kwa makusudi, ili utamu uwe mmoja tu kinywani. Leo halua ipo dukani kwa Salum mwaka mzima, kahawa inatiwa sukari, na pembeni ipo soda baridi ya kuteremshia. Halua ni ile ile, kaka. Siku za kuila ndizo zilizoongezeka.

Na sukari yenyewe? Salum amesahau, au anajifanya amesahau, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiamshwa alfajiri kwenda kupanga foleni ya sukari miaka ile ambayo maduka yalikuwa na rafu tupu. Alikuwa mwembamba kama ufito. Kuna siku alirudi mikono mitupu, bibi akampa chai kavu na kipande cha muhogo, akanywa huku analia. Mimi nilikuwa mdogo lakini sura yake ile ninayo mpaka leo.

Nadhani hapo ndipo yote yalipoanzia, na si kwake peke yake. Sisi tuliopanga foleni ya sukari ndio tuliolea watoto wetu kwa soda. Tuliapa hawatakosa, na hawakukosa. Maduka yalipojaa, Salum akafungua duka la jumla la sukari, mchele na mafuta. Shamba la Mapinga tukaliuza viwanja kwa watu wanaofanya kazi Dar, na palipokuwa na muhogo sasa pana kuta na mageti. Mafuta yakaanza kuingia nyumbani kwa madumu. Kila kitu kikakaangwa. Sokoni tukawa tunakwenda kwa bodaboda, mwendo ambao bibi alikuwa akiumaliza akiwa bado anamsimulia jirani yake habari ya jana.

Sikuandika kumtukana mtu mnene. Naomba hilo lieleweke, maana kuna wanaosoma makala zangu wakitafuta tu mtu wa kumcheka. Mimi mwenyewe napanda ngazi za wodi hii nikipumzika katikati. Ninachosema ni kwamba katika muda wa maisha ya mtu mmoja, maisha yangu, tulibadilisha sahani yote, na tukaendelea kuiita chakula cha bibi.

Hilo ndilo lililokuwa jibu langu. Lilikuwa jibu zuri. Ningelichapisha wiki iliyopita na kufurahia maoni.

Sasa nieleze kwa nini naogopa.

Salum ana binti mmoja, Rukia. Jina si lake la kweli, wala majina mengine humu si ya kweli. Mama yake alitangulia mbele ya haki Rukia akiwa shule ya msingi, akalelewa dukani, katikati ya magunia ya sukari na kreti za soda. Alikuwa mtoto mnene, na unene wake ulikuwa fahari. Wateja walimfinya mashavu. Salum alikuwa akisema huyu ndiye bango la duka, angalieni mnavyoweza kunawiri. Akakua, akawa msichana mkubwa mwenye sauti nzuri na kicheko cha kusikika nyumba ya pili. Kila alipokuwa na huzuni alipewa soda. Alipofaulu mtihani alipewa soda. Hakuna aliyeona ubaya, na nani angeuona? Alikuwa anapendwa.

Mwaka huu akachumbiwa. Bwana harusi ni kijana wa Mapinga, familia ya watu wa biashara kama sisi, watu wazuri. Harusi imepangwa Ijumaa ijayo.

Na kabla tu ya Ramadhani, Rukia akaanza kupungua.

Hakuwa amejizuia kula. Alikula kama kawaida, pengine zaidi, lakini mabega yakaanza kuchongoka na gauni la harusi likarudishwa kwa fundi kupunguzwa. Wasichana wenzake wakamwonea wivu. Salum hakuona la kuonea wivu. Salum aliingiwa na hofu, na hofu yake ina jina: Zuhura.

Zuhura alikuwa dada yetu mkubwa. Alikuwa akipika vitumbua kibarazani, na watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kuvifuata. Kisha akaanza kukonda. Ilikuwa miaka ile ambayo mtu akipungua tu nguo zikamning'inia, mtaa mzima unakuwa umeshampima kwa macho na majibu umeshayatoa. Kakanyaga miwaya, walisema, yaani ana ukimwi. Wanunuzi wakaacha kuja, mmoja baada ya mwingine. Vitumbua vikawa vinalala, tunavila sisi wenyewe. Alipofariki, hakuna mganga wala daktari aliyekuwa amempima chochote, kwa sababu familia iliogopa kusikia kile ambacho mtaa ulikuwa umeshakisema. Salum alibeba jeneza. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba nyuma yake kuna mwanaume alikuwa akinong'ona na mwenzake, wakikisia nani kati yetu atafuata.

Kwa hiyo kwa kaka yangu, na kwa wengi wa umri wetu katika pwani hii, wembamba ni mauti yenye aibu. Unene ni cheti cha afya kinachosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Tulijifunza somo hilo makaburini na hakuna aliyetufundisha jingine.

Rukia alipotiwa ndani kama desturi ya mwali, Salum alimwita somo wake, mwanamke wa kumfunda, Bi Tatu, akampa agizo moja tu. Mtoto arudishe mwili kabla ya harusi, mdomo wa mtu usipate la kusema.

Bi Tatu ni somo wa wasichana wengi wa hapa Dunda. Kazi yake anaijua. Mwali wake hatoki, haonwi na jua, anasuguliwa singo mpaka ngozi inateleza, anapakwa liwa, anafundishwa ya ndoa, na analishwa. Zamani alilishwa maziwa, mayai na supu. Siku hizi, kwa baraka za duka la baba, vimeongezeka vingine.

Alhamisi nilikwenda kumtazama kama shangazi anavyopaswa. Nilipiga hodi, nikamwamkia Bi Tatu shikamoo, akaitika marahaba bila kuinuka maana alikuwa na kinu cha kutwangia liwa kati ya magoti. Rukia alikuwa amekaa mkekani, uso wa njano kwa liwa. Mbele yake palikuwa na sinia. Maziwa yaliyotiwa asali, tende, halua, maandazi, na soda mbili zenye jasho la barafu. Moja ilikuwa imeshakwisha.

"Shangazi, kiu gani hii," akaniambia, akacheka kidogo. Kicheko hakikufika nyumba ya pili. Hakikufika hata mlangoni.

Alikuwa ameshika mkononi chupa kubwa ya maji na alikuwa akiinywa kama mtu aliyetoka kulima. Nikauliza ameanza lini. Bi Tatu ndiye aliyejibu, akasema ni joto, na ni woga wa ndoa, kila mwali hunywa maji, hata mimi nilipokuwa mwali nilikunywa, nimesahau tu. Nikainama kumbusu Rukia. Pumzi yake ilinukia matunda, matunda yaliyoiva yakapitiliza. Nikajiambia ni zile tende.

Kisha nikaomba kwenda bafuni.

Bafu la nyumba ile lina sakafu ya saruji yenye mfereji wa maji. Kando ya mfereji palikuwa na sisimizi. Si wachache. Walikuwa mstari mweusi unaotoka ufa wa ukuta mpaka pale mtu anapochuchumaa, na pale walijaa kama walivyojaa siku ile mtoto alipomwaga sharubati ukumbini. Nilisimama nikiwatazama. Nilikuwa nimesahau kilichonipeleka.

Nimesoma vitabu vingi. Sikuhitaji hata kimoja kuelewa kwamba wale sisimizi walikuwa wamefuata sukari iliyo kwenye mkojo.

Nilipotoka nikamuuliza Bi Tatu kuhusu wao kana kwamba ni jambo dogo. Akasema wameanza hivi karibuni, nyumba ya duka la sukari haikosi sisimizi. Kila asubuhi anawamwagia maji ya moto, na kila asubuhi wamerudi.

Nilikwenda moja kwa moja dukani. Salum alikuwa akipimia mteja mchele. Nikasubiri mteja aondoke, nikamwambia kwamba Rukia lazima apimwe sukari leo hii, saa hii. Nikamweleza kiu, kukojoa, kupungua, sisimizi. Alinisikiliza huku akifunga mdomo wa gunia, fundo juu ya fundo.

"Mwali hatoki," akasema.

Nikamwambia mwali mgonjwa hutoka. Akaniuliza kama najua nitakachokifanya nikimpitisha Rukia mtaani kwenda hospitali wiki moja kabla ya harusi. Akanieleza mwenyewe. Watasema ana mimba. Wasiosema mimba watasema lile lililosemwa kuhusu Zuhura. Mapinga watasikia kabla ya magharibi.

"Nimemzika mmoja kwa midomo ya watu," akasema. "Huyu ataolewa akiwa na mwili wake. Nenda kaandike mtandaoni, Mwalimu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Yeye naye aliniambia yake. Wateja wawili walisimama mlangoni wakaamua kurudi baadaye. Nikaondoka nikijua nimeshindwa, kwa sababu nilikuwa nimekwenda pale kama ninavyokwenda kwenye kila mjadala, kumshinda mtu. Salum hakuhitaji kushindwa. Alihitaji kutolewa hofu, na mimi nilikuwa na hofu kuliko yeye.

Jana, Ijumaa, simu ililia mchana, wanaume wakiwa wanaelekea msikitini. Alikuwa Bi Tatu. Sauti yake ilikuwa imeishiwa ubishi wote. Rukia ametapika tangu asubuhi. Anahema kama aliyekimbia, na amekaa tu. Nikamwambia kwamba Salum amekataza asitoke.

"Salum amesema mwali asionwe," akajibu. "Hajasema asitoke. Mabuibui yapo ya kazi gani?"

Nilifika nyumba ile nikiwa nimevaa langu. Bi Tatu alikuwa ameshamvalisha Rukia buibui lake mwenyewe na kumfunika uso, liwa na yote, na yeye kavaa jingine la kuazima kwa jirani, akisema ni la kwendea msibani. Tukatoka wanawake watatu weusi tumeshikana mikono. Asingeweza mtu yeyote kusema mwali ni yupi. Desturi iliyomfungia ndani ndiyo iliyomtoa, na aliyeliona hilo ni somo wake. Mimi nisingeliona.

Kijana wa bajaji alivuta hewa mara moja, akageuka.

"Mama zangu mnanukia harusi. Sherehe iko wapi nije nile?"

"Tunanukia sisi, utakula wewe?" Bi Tatu akamjibu. "Endesha, mwanangu, na mashimo uyakwepe."

Akacheka, akaendesha. Rukia aliniegemea begani. Kupitia vitambaa viwili nilisikia moto wa pumzi yake, na lile tunda lililopitiliza.

Katika zahanati ya karibu, muuguzi alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo, tukasubiri. Mashine haikutoa namba. Ilionyesha kwamba kiasi kimepita uwezo wake wa kupima. Muuguzi akasema huenda kifaa ni kibovu. Akajichoma kidole chake mwenyewe, akajipima. Kwake yeye ikatoa namba, namba ya mtu mzima wa kawaida. Akarudia kwa Rukia. Haikutoa.

Akaacha kutuita mama. Akaita gari.

Mengine yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Chupa ya maji ikining'inia. Sindano. Liwa ikifutwa usoni kwa pamba, na chini yake uso wa kijivu wa mtoto niliyembeba mgongoni. Daktari, binti mdogo mwenye viatu vya raba, aliniuliza amekuwa akila nini nyumbani. Nilimtajia sinia lile, kimoja kimoja, mpaka soda. Hakutugombeza. Alieleza taratibu kwamba sukari ya Rukia huenda ilikuwa juu kwa muda mrefu bila kelele, na mwili uliposhindwa kuitumia ukaanza kujila wenyewe, ndiyo maana alikuwa anakonda huku anakula. Kila tulipomlisha arudishe mwili, tulikuwa tunaongeza kile kilichokuwa kinauondoa. Akasema tungengoja mpaka siku ya harusi asingefika.

Bi Tatu alikaa chini sakafuni, pale pale, akajifunika uso na buibui la jirani.

Salum alikuja baada ya swala, alipokuta ujumbe wangu kwenye simu, amevaa kanzu ya Ijumaa. Alikuwa amepita dukani, kama tunavyofanya sote tunapokwenda kumtazama mgonjwa, na mkononi alikuwa na mfuko. Juisi za maboksi, biskuti, soda, na pakiti ya halua juu kabisa. Tazameni wodi yoyote ya pwani hii. Kila kabati la mgonjwa lina mfuko wa namna hiyo. Hata hii ninayoitazama sasa kupitia dirishani.

Nilimwendea kabla hajafika kitandani nikashika mfuko. Hakuuachia. Nami sikuuachia. Tulisimama hivyo, watu wazima wawili wenye mvi, tukivutana mfuko wa juisi katikati ya wodi, mpaka macho yake yalipokwenda kitandani. Rukia alikuwa akimwomba muuguzi maji. Alipewa kidogo, akayameza yote kwa mkupuo mmoja, akaomba mengine.

Mkono wa Salum ukalegea.

"Zuhura alikuwa anakunywa hivi," akasema.

Nami nilikuwa nimekumbuka kitu kile kile, wakati ule ule. Zuhura akiinuka kutoka kwenye karai la vitumbua, akienda mtungini, akichota, akinywa, akirudi, akiinuka tena. Na mama akigomba kila siku kwamba watoto tunakojoa ovyo uani, ndiyo maana sisimizi hawaishi.

Sijui Zuhura alikufa kwa nini. Hakuna atakayejua tena. Inawezekana mtaa ulikuwa sahihi, na hata ungekuwa sahihi, lile nalo ni gonjwa tu kama magonjwa mengine, halikustahili vitumbua vilale. Lakini inawezekana pia kwamba tulimzika dada yetu tukiwa tumeinamisha vichwa kwa aibu isiyokuwa yake, kisha tukatumia miaka yote iliyofuata kuwanenepesha watoto wetu ili wasifanane naye.

Salum alilala hapa kwenye benchi. Sijamwambia lolote kuhusu bibi na halua. Hoja ile nimeishinda, na sijawahi kushinda kitu kisicho na ladha kama hiki.

Asubuhi ya leo Rukia amefungua macho vizuri. Anasema ananiona kama niko nyuma ya kioo chenye ukungu. Daktari anasema kuona huweza kurudi, tusubiri. Kuhusu figo, tusubiri. Kuhusu lini atatoka, tusubiri. Namba zimeanza kuonekana kwenye mashine, bado ni kubwa mno, na muuguzi ananifurahia kana kwamba amenipa zawadi. Ni zawadi kweli. Jana hazikuwepo.

Naogopa.

Naogopa simu ya Mapinga, ambayo imelia mara kadhaa na Salum anaitazama tu. Naogopa watoto wanaopita hapa nje sasa hivi, mashavu yao mazuri, na pakiti za vitu vitamu mkononi asubuhi yote hii. Naogopa kidole changu mwenyewe, ambacho muuguzi amesema atakichoma nikimaliza kuandika.

Nilimuuliza Rukia kama naweza kuandika haya. Alifikiri kidogo.

"Andika, shangazi. Ila sema nilikuwa nimependeza."

Alikuwa amependeza. Muuguzi alikuwa akifuta liwa ile anasikitika.

Sasa nina maneno kwa watu wawili, na sitaki makofi ya mwingine yeyote.

Wewe mama wa bwana harusi, najua unasoma hapa, uliniambia mwenyewe siku ya posa. Utakuwa umeshatambua ni nani ninayemwandika, majina nimeyabadilisha kwa ajili ya wengine, si kwa ajili yako. Hana mimba. Hana cha kufichwa. Ana sukari, na huenda akaishi nayo miaka mingi akiwa na watu wa kumpikia kwa akili. Usimpigie tena Salum, hana uwezo wa kuinua simu. Njoo. Panda gari utoke Mapinga leo mchana, ingia wodini, mtazame mkweo, kisha amua. Na usije na mfuko.

Na nyinyi akina somo, na akina baba mnaowaagiza. Mna mwali ndani leo, najua mnaye, ni msimu wake. Analala, ana kiu, nguo zinamlegea, nanyi mnamwongezea sinia. Liacheni sinia. Nendeni bafuni mkaangalie sakafu karibu na mfereji wa maji. Mkiwakuta sisimizi msiwamwagie maji ya moto. Mvisheni mtoto buibui mumtoe, hata kama harusi ni kesho.